Mota Inayoshikilia na Mota Inayokwenda

Hotuba kwa mafundi seremala na vijana wa umeme, Mjini Unguja

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mafundi, kaka zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliotoka skuli mkaja moja kwa moja na mabegi yenu. Kabla sijasema lolote, nnaomba kipande hichi cha ubao kipite mkono kwa mkono. Msikitazame tu, kipapaseni. Ni mninga. Juu yake kuna ua la duara, lile la kwenye kizingiti cha juu cha mlango, na mnyororo umelizunguka. Mwenye kidole kilichozoea patasi atalisikia kosa kabla jicho halijaliona: nusu ya ua imekaa mahali pake, nusu ya pili imehama. Imehama milimita 4 kwenda kushoto, kuanzia juu mpaka chini, kama karatasi iliyokatwa kwa wembe ikabandikwa vibaya.

Ubao huo alinipa ami yangu. Aliuhifadhi darini miaka mingi ukauke taratibu, na siku aliyonikabidhi hakusema neno, alinipigapiga bega tu. Nikaufunga kwenye mashine niliyoiunda mwenyewe, nikawasha, ikachonga saa moja na nusu vizuri kabisa. Kisha nikasikia mlio mmoja mfupi, krrr, kama mtu aliyeburuta kiti barazani, na mashine ikaendelea na kazi yake. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikujua kuwa ubao wa ami umeshaharibika.

Nimeitwa nizungumzie namna ya kuchagua mota na draiva, kile kifaa kinachoipa mota umeme wake, kwa mtu anayetaka kuunda mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao. Mimi naona mazungumzo yote yamo ndani ya mlio ule.

Mota tunazotumia ni mota za hatua, wenyewe tunaziita stepa. Mota ya feni ukiipa umeme inazunguka mpaka uizime. Stepa haiendi hivyo. Kila pigo la umeme linaisogeza hatua moja, na mzunguko mzima una hatua 200, yaani digrii 1.8 kwa hatua. Kompyuta inahesabu mapigo iliyoyatuma. Haina njia ya kujua hatua zilizopigwa kweli. Ubao mgumu ukiishinda mota, mota inateleza, kompyuta haina habari, inaendelea kutuma, na kila kitakachochongwa baada ya hapo kimehama. Tena stepa ikiteleza haipotezi hatua moja. Hupoteza nne nne, kwa sababu sumaku ya ndani hudakwa tena baada ya kila hatua nne. Skrubu yangu, ule mhimili wenye nyuzi unaozungushwa na mota, inaisogeza mashine milimita 5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hatua nne ni sehemu ya kumi ya milimita. Milimita 4 ni hatua 160. Ule mlio mfupi ulikuwa mitelezo 40 iliyofuatana.

Basi nikafanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Nikasema mota ni dhaifu, nitafute kubwa zaidi. Nikaagiza mota ya namba 34, zito kama jiwe la kusagia, niutoni mita 8, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, kwenye karatasi yake, wakati ile ya zamani ilikuwa karibu 2 tu. Nikasubiri mzigo wiki nyingi, ukafika bandarini, nikaifunga kwa draiva ile ile na saplai ile ile, kisanduku cha kulisha umeme, ya volti 24. Nikawasha. Wallahi ilikwama mapema zaidi kuliko ile ndogo.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikaanza kusoma.

Tuanze na hizo namba. 17, 23, 34, zinatokana na kiwango cha watengenezaji wa vifaa vya umeme wa Marekani, NEMA. Namba inataja upana wa uso wa mota, pale penye matundu ya skrubu, kwa sehemu za kumi za inchi. 17 ni inchi 1.7, kama milimita 42. 23 ni milimita 57. 34 ni milimita 86. Basi. Namba haisemi nguvu. Mota mbili za 23 zinaweza kuingia kwenye matundu yale yale, moja fupi na moja ndefu, na nguvu zake zikatofautiana maradufu. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema "nipe ya 23", umesema kama mtu anayeomba kanzu akataja upana wa shingo tu.

Sasa zile niutoni mita zilizoandikwa. Hiyo ni nguvu ya kushikilia: mota imewashwa, imesimama, na wewe unajaribu kuigeuza kwa nguvu. Ni kipimo cha kweli, lakini ni cha mota iliyosimama. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na bandarini Wete nimewaona wapagazi wa karafuu. Kuna mtu anaweza kusimama na gunia begani mpaka umwambie atue. Mwambie sasa akimbie nalo ubaoni kuingia chomboni, ndipo utakapojua pumzi yake. Nguvu ya stepa hupungua kadiri kasi inavyopanda, na karatasi nzuri ya mota huwa na mchoro wa mstari unaoshuka kuonyesha hilo. Muuzaji asiyekuwa na mchoro huo, mwombeni angalau namba mbili: ampea, na indaktansi kwa milihenri. Hizi mbili zitakutosheni kupiga hesabu wenyewe, na hesabu yenyewe nitaifanya hapa hapa.

Chukua mota ya 23, ampea 3, milihenri 3.2. Chukua skrubu ya gololi ya 1605, yaani unene milimita 16, mwendo milimita 5 kwa mzunguko. Unataka mashine ikimbie milimita 3000 kwa dakika. Gawa kwa 5: mizunguko 600 kwa dakika, 10 kwa sekunde. Mara hatua 200, ni hatua 2000 kwa sekunde. Kila hatua ina nusu ya milisekunde. Ndani ya nusu hiyo, umeme lazima uingie kwenye koili, waya uliosokotwa ndani ya mota, ufike ampea 3, la sivyo sumaku haijapata nguvu na hatua inayofuata imeshafika.

Koili haikubali umeme kwa haraka, na ukaidi huo ndio indaktansi. Muda wa kuingia, kwa makadirio, ni milihenri mara ampea, ugawe kwa volti. 3.2 mara 3 ni 9.6. Ukiwa na volti 12, ni milisekunde 0.8. Umechelewa kabla hujaanza. Ukiwa na 24, ni 0.4, na karatasini utasema umepona. Lakini mota inayozunguka inazaa umeme wake wenyewe unaosukuma kinyume, na hiyo 0.4 yako inaliwa. Ukiwa na 36, ni chini kidogo ya 0.27. Hapo una nafasi ya kupumua.

Sasa nirudi kwenye lile jiwe langu la namba 34. Milihenri 6, ampea 6. 6 mara 6 ni 36. Kwa volti 24, ni milisekunde 1.5. Mara tatu ya muda niliokuwa nao! Na draiva yangu haikuweza hata kutoa hizo ampea 6. Nilinunua mota yenye misuli, nikainyima chakula. Ningelinunua saplai ya volti 36 na draiva za kuistahimili, nikaiacha ile ndogo mahali pake, ua la ami lingelikuwa zima leo.

Hilo ndilo nnalotaka mwende nalo nyumbani vijana wangu: anzeni na skrubu na kasi mnayoitaka, mpate volti, mchague draiva ya kubeba volti hizo, halafu ndiyo mchague mota. Wengi tunaanza na mota kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Najua kuna anayejiuliza: mota hiyo imeandikwa volti 3, nikiipa 36 si itaungua? Nilipoanza na mimi niliogopa hivyo hivyo. Zile volti 3 ni ampea 3 mara omu 1 ya koili, umeme unaohitajika mota ikiwa imesimama bila draiva ya kisasa. Draiva ya sasa inafungua mlango kwa nguvu zote, umeme ukifika ampea ulizopanga inafunga, ukishuka inafungua, maelfu ya mara kwa sekunde. Kinachounguza koili ni ampea zilizozidi, na hizo draiva inazilinda. Lakini volti nazo zina mpaka, na mafundi wana kanuni nzuri: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri. Kwa 3.2, kipeuo ni kama 1.79, na jibu ni volti 57. Ukipita hapo mota itachemka bila faida. 36 iko chini, salama.

Draiva. Hizi bodi ndogo za printa za 3D, A4988 na DRV8825, ziko chungu nzima na ni rahisi. A4988 inastahimili volti 35, na bila bati la kupozea itakupa kama ampea 1. Kwa printa sawa. Kwa mashine inayoingiza biti, kile kisu kinachozunguka, kwenye mninga, usijaribu. Zile za TB6600 zenye kisanduku cheusi ndizo zilizojaa madukani. Nilifungua moja niliyouziwa, aliyeniuzia simtaji, nikakuta chipu ya ndani si TB6600 hata kidogo, ni TB67S109. Si chipu mbaya, lakini nilichosoma kwenye boksi hakikuwa nilichokishika mkononi, na mipaka yake ni mengine. Ukiinunua, usiisukume mpaka mwisho wa kilichoandikwa. Ikiambiwa ampea 4, ipe 3 au chini.

Mimi sasa natumia DM542. Volti 20 mpaka 50, ampea 4.2 za kilele. Mngurumo wa mota ulipungua siku niliyobadilisha, mke wangu ndiye wa kwanza kuniambia. Na kwa nini 36 wakati inakubali mpaka 50? Kwa sababu daraja la mashine, ile sehemu inayotembea na kubeba biti, likisimama ghafla, mota inageuka jenereta, inarudisha umeme nyuma kwenye draiva. Ukiwa tayari uko 48, huna pa kuuweka.

Saplai: mota tatu za ampea 3 hazihitaji ampea 9 za saplai. Theluthi mbili inatosha, 6 hivi, na saplai ya volti 36 ya wati 350, ambayo ni kama ampea 9.7, inabeba hata mota ya nne. Lakini hapa nasimama, naomba mnisikilize vizuri. Ubavuni mwa saplai nyingi kuna kiswichi chekundu kimejificha ndani ya tundu, kimeandikwa 115 na 230. Zikija kutoka ng'ambo, nyengine zimewekwa 115. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka bila kutazama, utasikia mshindo, na moshi utatoka, na pesa yako imekwenda. Bisibisi nyembamba, sukuma mpaka usome 230, ndipo uchomeke. Mfanye hivyo hata muuzaji akikuapieni.

Mapigo madogo, sasa. Draiva ina swichi ndogo ndogo za kugawa kila hatua: mara 8, mara 16, mara 32. Vijana wanapenda kuweka kubwa kabisa wakiamini mashine itakuwa sahihi zaidi. Haiwi. Ukigawa kwa 16, nguvu ya kila kijihatua kimoja ni kama sehemu ya kumi tu ya nguvu ya kushikilia. Msuguano wa reli unaimeza, na mota haisogei mpaka vijihatua viwili vitatu virundikane. Faida ya kugawa ni ulaini, mota haitetemi. Kwa hilo 8 inatosha. 200 mara 8 ni 1600, gawa kwa 5, ni mapigo 320 kwa milimita. Kwa kasi yetu ya milimita 50 kwa sekunde, ni mapigo 16,000 kwa sekunde. Arduino Uno, bodi ndogo ya kuongoza mashine, yenye programu ya GRBL, inafikia kama 30,000, basi umo ndani. Ukiweka 32, unahitaji 64,000. Bodi haiwezi, na utaanza kulaumu mota.

Kwenye mikanda, inayotumika badala ya skrubu, sitakawia. Mkanda wa GT2 na puli ya meno 20 unasogea milimita 40 kwa mzunguko, kwa hiyo nguvu yake ni sehemu ya nane ya skrubu ya 5. Kwa leza ni mzuri, kwa mninga mimi siutumii. Na kwa wale wanaohofu kuwa 23 ni ndogo: niutoni mita 1 tu kwenye skrubu ya gololi ya milimita 5 inasukuma kama kilo 115. Fremu yako ya mbao itapinda kabla mota haijaomba msamaha. Mwenye pesa ya ziada aitie kwenye fremu na reli.

Joto. Mota ikifika digrii 70, huwezi kuweka kiganja, lakini yenyewe haina tabu. Nyingi zimepangiwa kufika 80. Ila kwetu hapa mwezi wa pili, karakana ya bati saa nane mchana, umeshaanza na joto kubwa. Draiva ina swichi ya kupunguza ampea nusu mota ikisimama. Iwasheni. Na upepo wa bahari mnaujua mnaokaa karibu na pwani: ncha za waya zinaota kijani ndani ya miezi. Usizitie risasi ya kulehemu ncha za waya zinazoingia chini ya skrubu ya draiva, risasi inabonyea polepole, waya inalegea, na waya iliyolegea inaua draiva. Banieni vikofia vya shaba. Sanduku la draiva liwe na feni yenye kitambaa cha kuchujia, maana vumbi la mninga ni jembamba kama unga na linaingia kila penye upenyo.

Na jambo ambalo limenigharimu draiva nzima: usichomoe waya ya mota umeme ukiwa umewashwa. Hata sekunde moja. Zima, subiri taa ya draiva izime, ndipo uguse.

Umeme kukatika. Wengi wetu hapa tunakumbuka miezi ile ya kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima kiza. Sasa hali ni nyengine, kebo mpya ya baharini ilikuja 2013, lakini dakika tano za kukatika zinatosha kuharibu mlango. Mota ikikosa umeme inalegea, daraja linaweza kusukumwa na mkono, na mashine ikiwaka haijui iko wapi. Dawa yake ni swichi za mipaka: mashine ikiwaka inakwenda pembeni, inagusa swichi, inapata mwanzo wake. GRBL inatunza ndani ya kumbukumbu mahali ulipoanzia kazi kwenye ubao, hata umeme ukiondoka. Utarudi pale pale, kwa tofauti isiyoonekana na jicho. Swichi tatu ni bei ndogo sana kulinganisha na ubao mmoja wa mvule.

Maalim mmoja aliniuliza pale mlangoni nilipokuwa naingia: mashine hii haitaua kazi ya mkono? Nilimwomba nimjibu mbele ya watu. Maalim, biti ya rauta ni duara. Biti ya milimita 6 ikiingia kwenye kona ya ndani, inaacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, haiwezi kufanya vyengine. Kila jani lenye ncha kali, kila pembe ya mnyororo, ni lazima mtu aje na patasi amalizie. Mashine yangu inaondoa mbao nyingi za chini, zile zinazoizunguka nakshi, kazi ile ya kukata mgongo, siku mbili tatu za kugonga nyundo. Kingo, ncha, na ule mteremko wa petali unaofanya ua lionekane linapumua, hayo nampelekea fundi wa nakshi, nami nakaa pembeni nikitazama. Tangu niwe na mashine nampelekea milango mingi zaidi, na bei yake ya mkono sikuipunguza wala sitaipunguza.

Pale mezani nimeweka mota mbili, ile ya 23 na lile jiwe la 34, draiva moja, na saplai mbili, ya 24 na ya 36. Kiswichi chekundu nimeshakitazama. Tutaziendesha zote mbili, tutapandisha kasi kidogo kidogo, na mtausikia ule krrr wenyewe, mjue unatokea wapi. Mota ya 23 ina waya nne, na rangi zake msiziamini, kila kiwanda kina rangi zake. Gusanisheni waya mbili, mzungushe shafti kwa vidole: ikiwa nzito ghafla, hizo mbili ni za koili moja, ikibaki nyepesi, jaribuni jozi nyengine. Alama nimezitoa makusudi. Nani anaanza?